Majengo 14 kwa siku saba India: tuone yapi, tuache yapi?

SWALI: Sisi ni walimu wastaafu kumi na wawili wa hapa Mombasa. Tumelipia ziara ya siku saba ya Delhi, Agra na Jaipur mwezi wa Januari, tukiwa na basi letu na mwongozaji. Ratiba tuliyoletewa ina majengo kumi na manne ya kale, na katikati yake kuna "kutembelea mafundi wa jadi" mara nne. Shoga yangu alikwenda safari kama hii mwaka juzi. Alirudi na zulia, na ukimuuliza aliona nini, anakwambia, "Makaburi, makaburi matupu." Mimi nilisomesha historia miaka thelathini na moja, sitaki kurudi hivyo. Mume wangu ana magoti mabovu na ameshasema atakuwa akitungoja ndani ya basi. Tufanyeje? Na je, ni kweli kwamba mfalme Shah Jahan aliwakata mikono mafundi waliojenga Taj Mahal?

JIBU: Shikamoo Mwalimu, na salamu kwa mzee.

Shoga yako hakukosea. Vitu vingi mtu anavyopelekwa kuona Delhi na Agra ni makaburi kweli. Lakini mengi ya makaburi hayo ni ya ukoo mmoja, ule wa wafalme wa Mughal, na nadhani yeye alitambulishwa kwa kitukuu kwanza, kisha mjukuu, kisha babu, tena kwa mbio, halafu katikati akaingizwa duka la mazulia. Hata harusini, ukitambulishwa watu kumi na wanne namna hiyo, utatoka humkumbuki hata bibi harusi.

Napeleka vikundi kutoka pwani yetu tangu 2007, na kila kikundi nakiambia neno lile lile: punguzeni majengo, kisha yaliyobaki yapangeni kwa umri. Kwa siku zenu saba, manane yanatosha. Nitakueleza lipi lifuate lipi na kwa nini, ila kwanza tumalizane na hiyo ratiba.

Ratiba si msahafu. Mko kumi na wawili, mnajuana, basi ni lenu. Mkiandika barua moja, mkaitia sahihi nyote, kampuni itabadilisha. Hao "mafundi wa jadi" ni duka. Fundi yupo, sikatai: amekaa karibu na mlango, anawaonyesha kwa dakika kumi namna anavyochonga kijiwe na kukipachika kwenye marumaru. Kisha mlango wa ndani unafunguliwa, chai inaletwa, na saa moja na nusu imekwenda. Mwongozaji na dereva hupata kamisheni kwa mtakachonunua, ndiyo maana huwaoni wakitazama saa. Safari yangu ya kwanza niliuziwa kisahani cha "marumaru halisi ya Makrana", yaani machimbo yaliyotoa marumaru ya Taj. Nilipofika nyumbani Tanga nikakikwaruza kwa ufunguo, kikatoa unga. Lilikuwa jiwe la sabuni, ndugu yake yale ya Kisii, na nililibeba kwenye mkoba wa mkononi kama yai. Basi andikeni: duka moja tu, Jaipur, siku ya mwisho. Mara nne hizo mkizifuta, mmejirudishia karibu siku nzima.

Katika barua hiyo hiyo ulizeni mambo mawili. Kwanza, je, tiketi za kuingilia zimo katika bei mliyolipa? Taj Mahal mgeni hutozwa rupia 1,100, na 200 nyingine akitaka kuingia ndani penye kaburi, wakati Mhindi mlangoni hulipa 50. Bei hupanda, lakini hata kwa hiyo, watu kumi na wawili ni rupia 15,600 kwa jengo moja. Bibi zetu waliohesabu kwa rupia wangeshika vichwa. Pili, waongozaji wa kila mji wawe na kibali cha Wizara ya Utalii ya India. Mwenye kibali ana kadi yenye picha, na akiulizwa haoni haya kuitoa. Wale watakaowavamia langoni wakisema wametumwa na serikali, wapeni salamu mwende zenu.

Sasa Delhi. Anzeni na Qutb Minar, kwa sababu ndiyo kongwe. "Minar" ni mnara wetu huu huu, neno moja. Qutb-ud-din Aibak, aliyekuwa mtumwa kabla ya kuwa sultani, aliuanza mwishoni mwa karne ya 12. Mkwewe Iltutmish, naye aliyepitia utumwani, akauendeleza. Una ghorofa tano na urefu wa mita 73 hivi. Ngazi za ndani zimefungwa tangu 1981, baada ya watu 45 kufa kwa msongamano, wengi wao watoto wa shule, kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba atawapandisha.

Mkishatazama juu mpaka shingo zichoke, teremsheni macho kwenye nguzo za msikiti ulio chini yake. Zina kengele na minyororo iliyochongwa. Maandishi ya pale pale mlangoni yanasema kwamba mawe yalitoka katika mahekalu 27 yaliyovunjwa. Mwongozaji mmoja atalipita jambo hili haraka kwa aibu, mwingine atalisema kwa hasira. Nyinyi soma­ni nguzo zenyewe. Katikati ya ua imesimama nguzo ya chuma ya miaka 1,600 hivi, zaidi ya mita saba, isiyoliwa na kutu. Siri yake ni fosforasi nyingi iliyomo katika chuma kile, inayofanya utando mwembamba juu yake.

Na ukiwa pale kwenye kaburi la Iltutmish, Mwalimu, muulize mwongozaji habari za Yaqut. Iltutmish alimrithisha binti yake, Razia, akakalia kiti cha Delhi mwaka 1236. Razia akampa Jamal-ud-Din Yaqut usimamizi wa mazizi ya farasi ya kifalme. Yaqut alikuwa Habshi, yaani Mwafrika wa upande wa Ethiopia, na cheo kile kilikuwa kikubwa na cha Waturuki. Makabaila wa Kituruki hawakustahimili. Mwaka 1240 wakaasi, Yaqut akauawa, na Razia hakudumu baada yake. Kila nikiuliza swali hili mwongozaji hunitazama upya, na mazungumzo ya siku nzima hubadilika. Kuna safari nyingine kamili ya Wahabshi ndani ya India: msikiti wa Sidi Saiyyed kule Ahmedabad wenye madirisha ya mawe yaliyochongwa kama mti unaotambaa, ngome ya Janjira baharini kusini ya Mumbai, na kaburi la Malik Ambar huko Khuldabad, mtu aliyezaliwa Ethiopia, akauzwa, akaishia kuongoza majeshi ya Deccan, nyanda za kusini ya India, na kuasisi mji ambao baadaye uliitwa Aurangabad. Lakini hiyo haingii katika siku saba. Mkirejea salama, tuandikiane.

Siku ya pili, wekeni asubuhi nzima kwa kaburi la Humayun, mfalme wa pili wa Mughal. Ratiba nyingi hulitengea dakika arobaini, na hapo ndipo safari nzima inapoharibika. Kama ningelazimishwa kuwaachia jengo moja tu Delhi, lingekuwa hilo.

Mkiingia, msikimbilie kuba kubwa mnaloliona mbele. Pindeni kulia kwenye kaburi la Isa Khan, kabaila wa Kiafghani, la mwaka 1547: la pembe nane, fupi, zito, lenye vigae vya buluu vilivyosalia. Likaeni machoni. Kisha ndiyo mwende kwa Humayun, lililojengwa baada ya 1560 kwa amri ya mjane wake, na mchoraji wake Mirak Mirza Ghiyas akitokea upande wa Uajemi. Muda uliopita kati ya mawili hayo ni miaka ishirini na kitu tu, lakini mtaona jinsi wazo lilivyonyoosha mgongo. Jengo limeinuliwa juu ya jukwaa, jiwe jekundu limetiwa mistari ya marumaru nyeupe, kuba ni mbili moja juu ya nyingine ili nje lionekane refu na ndani lisiwe kisima. Kisha bustani: imegawanywa mara nne kwa mifereji ya maji, kama pepo inavyosimuliwa, na kaburi liko katikati kabisa. Kumbukeni hilo neno, katikati, tutalihitaji Agra.

Bustani na jengo hilo vilifufuliwa na mfuko wa utamaduni wa Aga Khan, ule ule uliotengeneza Forodhani na jumba la zahanati ya kale kule Unguja. Mafundi waliondoa saruji iliyopakwa juu ya paa katika karne ya 20 wakarudi kwenye chokaa. Mtu wa Mji wa Kale hahitaji kuelezwa kwa nini.

Ngome Nyekundu ya Delhi mimi naipita kwa nje. Ukuta wake ndio uzuri wake. Ndani, majumba mengi yalibomolewa na Waingereza baada ya uasi wa 1857, yakawekwa mabweni ya askari. Mkiwa na hamu nayo, msiende Jumatatu, imefungwa. Muda huo bora mpate chakula cha mchana karibu na msikiti wa Ijumaa, Jama Masjid.

Agra ni mwendo wa saa tatu na nusu hadi nne kwa basi. Hapa naomba mpiganie usiku mbili badala ya mmoja, hata kama Delhi au Jaipur itapungua. Kisha angalieni kalenda: Taj Mahal hufungwa kwa watalii kila Ijumaa. Nimeona kikundi kizima, si changu, kimesimama nje siku ya Ijumaa na ndege yao ni Jumamosi.

Jioni ya kufika, msiende Taj. Vukeni Yamuna mwende kwenye kaburi la Itimad-ud-Daulah. Wenyeji huliita Taj mtoto, na kwa umri wamekosea, kwa kuwa ni kubwa lake. Huyu ni Mirza Ghiyas Beg, waziri aliyetoka Uajemi. Binti yake Nur Jahan, mke wa mfalme Jahangir, ndiye aliyemjengea, kati ya 1622 na 1628. Hapa jiwe jekundu limeondoka ukutani, ni marumaru tupu, na ndani ya marumaru wamepachika vijiwe vya rangi vinavyofanya maua, miti na magudulia. Ni dogo kama sanduku la mapambo. Sasa shikeni nasaba: Mumtaz Mahal aliyelala Taj ni mjukuu wa mzee huyu. Na mumewe Shah Jahan ni kitukuu wa Humayun. Taj ilichukua umbo kwa babu wa mume, nguo ikachukua kwa babu wa mke. Mtu aliyeliona moja na lingine, akiingia Taj anawajua wakwe wote.

Kabla jua halijazama, nendeni Mehtab Bagh, bustani iliyo upande ule ule wa mto, mkabala na Taj. Mtaisikia hadithi kwamba Shah Jahan alitaka kujijengea hapo kaburi jeusi. Wachimbaji hawakupata marumaru nyeusi; mawe yaliyodhaniwa hivyo yalikuwa meupe yaliyobadilika rangi.

Kesho yake watawaamsha saa kumi usiku "kuona jua likichomoza Taj". Kataeni. Mwezi wa Januari bonde lile hujaa ukungu, na mara nyingi hadi saa tatu au saa nne asubuhi hamtaona hata minara. Ingieni saa nne. Tiketi ni ya muda wa saa tatu ndani, inatosha. Mfukoni iwe pasipoti, simu na maji, basi. Chakula, tumbaku na mikoba mikubwa havipiti kwenye ukaguzi.

Taj yenyewe sitaieleza yote, ila mambo manne ambayo waongozaji huyapita. Langoni, kabla ya kuliona kaburi, somani juu: ni Surat al-Fajr, na inaishia pale pale unapodhania, "Ewe nafsi iliyotua". Herufi zinazidi kukua kadiri zinavyopanda, ili kwa jicho la mtu aliye chini zionekane sawa. Mwandishi wa maandishi ya Taj, Amanat Khan, aliweka jina lake ndani ya kaburi lenyewe. La pili, tafuteni kaburi liko wapi ndani ya bustani. Si katikati kama kwa Humayun. Limesukumwa mwisho kabisa, ukingoni mwa mto, ndiyo maana nyuma yake huoni kitu ila mbingu. Hilo ndilo lililoifanya Taj kuwa Taj, na mtu aliyeruka Humayun hawezi kuligundua.

La tatu: upande wa magharibi kuna msikiti wa jiwe jekundu, na mashariki kuna jengo pacha lake. Si msikiti, maana lingeelekea kusiko kibla. Lilijengwa ili upande mmoja usiwe na jengo mwingine ukabaki mtupu, na jina lake ni Jawab. Ndiyo, Mwalimu, jawabu, kama haya ninayokuandikia. La nne liko ndani. Kila kitu katika Taj kina mwenzake, kulia na kushoto, isipokuwa kimoja: kaburi la Shah Jahan, lililobanwa pembeni ya la mkewe. Mumtaz alifariki 1631 akijifungua mtoto wa kumi na nne, na mahali pa katikati palikuwa pake peke yake. Mnayoyaona pale juu, hata hivyo, ni mfano. Wenyewe wamelala chumba cha chini, kilichofungwa.

Alasiri, ukungu ukiwa umeondoka, nendeni Ngome ya Agra. Watu huitembelea kwanza. Mimi naiweka baada. Shah Jahan alifungwa humo na mwanawe Aurangzeb kuanzia 1658 hadi kufa kwake 1666, akitunzwa na binti yake Jahanara. Kuna roshani ya pembe nane, Musamman Burj, inayotazama mto. Simameni pale mkiwa mmekwisha kuingia Taj, mkiijua kila pembe, halafu muione ndogo kule mbali.

Mkielekea Jaipur mtapita Fatehpur Sikri, mji ambao mfalme Akbar, mwana wa Humayun, aliujenga kuanzia 1571 na kuuacha 1585. Ni mzuri, lakini ndipo penye wasumbufu wakubwa zaidi wa safari nzima, kuanzia waongozaji bandia hadi wauza shuka za kuweka kaburini kwa walii Salim Chishti. Ingieni na mwongozaji wenu au msiingie.

Jaipur ni nyepesi. Hawa Mahal ya 1799 ni uso tu, madirisha 953 na nyuma yake hakuna jumba la maana. Itazameni kutoka barabarani mkinywa chai, picha mtapata. Ngome ya Amber ndiyo ya kuingia. Raja Man Singh aliianza 1592, na Fort Jesus ilianza mwaka mmoja baadaye, chini ya Cairati, msanifu wa Wareno wa Goa. Mtu wa Mombasa ana haki ya kuzilinganisha. Msipande tembo, kilima ni kikali, mzigo ni mzito, na magari ya jeep yapo. Kisha Jantar Mantar, uwanja wa vyombo vya nyota vya Sawai Jai Singh wa Pili, uliokamilika 1734. Kivuli cha saa yake kubwa ya jua, yenye mita 27, mnaweza kukiona kikitembea kwa macho yenu.

Hesabuni: Qutb, Humayun na Isa Khan wake, Itimad-ud-Daulah, Taj, Ngome ya Agra, Fatehpur Sikri kwa anayetaka, Amber, Jantar Mantar. Manane.

Na mzee asingoje ndani ya basi. Pale Taj magari hayaruhusiwi kukaribia, basi huachwa mbali, na atakachokiona saa tatu zote ni mabasi mengine. Kutoka maegeshoni kuna magari madogo ya umeme, na viti vya magurudumu hupatikana. Njia za bustani ni tambarare, na benchi zipo. Kwa Humayun ngazi za kupanda jukwaani ni kali kweli, hizo asizijaribu. Abaki kwa Isa Khan, ambapo nimewahi kukaa asubuhi nzima bila kuchoka. Jantar Mantar ni uwanja sawa, na nadhani yeye ndiye mtakayemngoja.

Mikono ya mafundi, sasa. Hakuna mwandishi wa zama za Shah Jahan anayelisema hilo. Na tazama miaka: ujenzi wa Taj ulianza 1632, na ua na bustani zake hazikukamilika hadi karibu 1653. Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1639, mfalme yule yule alikuwa ameanza mji mpya mzima Delhi pamoja na ngome yake, na jina linalotajwa kwa majengo yote mawili ni lile lile, Ustad Ahmad Lahori. Mwongozaji akianza hadithi ile, mwulize kwa upole Ngome Nyekundu ilijengwa kwa mikono ya nani.

Jambo moja hukuniuliza: kadi ya homa ya manjano. India huwadai watu wanaotoka Kenya, na asiye nayo huweza kuwekwa karantini siku kadhaa. Chanjo iwe imepigwa angalau siku kumi kabla ya kufika. Kusanya kadi zote kumi na mbili wewe mwenyewe, kama ulivyokusanya madaftari, uzikague majina yalingane na pasipoti.